Kabari Yenye Koti

Mama Turubai haogopi mtu. Waulize madereva wa malori wanaomletea maturubai yaliyochanika, wanaume wenye vifua kama milango, jinsi wanavyosimama nje ya kibanda chake na kusalimia mara mbili kabla ya kuthubutu kuulizia kazi yao. Ukimharakisha anakutazama juu ya miwani, mguu haujaacha kukanyaga cherehani, halafu anasema, "Kama una haraka, cherehani hii hapa, kaa ushone." Basi unarudi kwenye benchi, unanyamaza.

Kwa hiyo nikikwambia kwamba mwanamke huyu ameishi na woga tumboni tangu binti yake akiwa ananyonya, utasema namsingizia. Simsingizii. Na woga wenyewe una mahali pake. Uko nyuma ya machimbo ya zamani ya mawe, kwenye jabali refu lenye ufa mpana wanaouita Koo.

Baba yake alikuwa mpasua mawe. Kabari za mbao zilikuwa vyombo vya nyumba ile kama sufuria zilivyo vyombo vya nyumba yako. Unaichomeka kabari kwenye ufa, unaigonga kwa nyundo, unaimwagia maji, mbao inavimba, na jiwe linapasuka lenyewe. Watoto wake wawili, Mama Turubai na kaka yake Seremala, waliziona zikifanya kazi hiyo tangu wanatambaa, wakazigundulia kazi nyingine, ya kupandia majabali. Kabari isiyomwagiwa maji haipasui kitu. Inang'ang'ania tu pale ulipoigonga, na ukiifunga ukanda wenye pete ya chuma, ukapitisha kamba yako kwenye pete, itakudaka ukidondoka. Siku hizi wanakuja wapandaji wengine na vidude vyao vya chuma vinavyojitanua vyenyewe ndani ya ufa, vinang'aa kama vijiko vya harusi. Ndugu hawa walibaki na mbao zao, kwa sababu mbao ndiyo waliyokuwa wanaijua.

Walikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Kabari ikishadaka mtu aliyeanguka, imestaafu. Inachomwa moto siku hiyohiyo, hata kama nje haina mkwaruzo, maana mbao inaumia kwa ndani na haipigi kelele.

Sheria hiyo Mama Turubai aliivunja mara moja. Alikuwa bado kijana, mtoto wake mdogo kamwachia bibi yake, na yeye ndiye aliyetangulia kupanda Koo siku hiyo huku Seremala akimshikia kamba chini. Kwenye sehemu pana kabisa, pale ambapo mkono hauna cha kushika na mguu hauna cha kukanyaga, akateleza. Kabari kubwa ikamdaka. Alining'inia pale akizunguka kama ndoo ya kisimani, na kwa kitu ambacho mpaka leo hawezi kukieleza, maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, yakalowesha blauzi mpaka kiunoni. Hakulia. Aliona tu blauzi ikilowa, akawaza nani angemnyonyesha yule mtoto.

Waliposhuka, Seremala aliigeuza ile kabari mkononi, akauona mpasuko mwembamba umekwenda na mbao kutoka juu hadi chini. "Hii sasa ni kuni, dada," akasema. "Leta kiberiti."

"Thubutu!" akajibu dada mtu. "Imemwachia mwanangu mama yake, halafu niichome?"

Akaenda nayo. Akaishonea koti la turubai la kijani, mshono mara mbili kwa uzi mwekundu, limebana kama soksi, na ukanda mpya juu yake. Akaitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Kila aliyeuliza aliambiwa, "Hiyo ilinibeba mimi," na hadithi ikafuata, nayo alikuwa anaijua kuisimulia, wateja wanasahau hata kilichowaleta. Mpasuko hakuwahi kuutaja. Ulikuwa umevaa koti, na nani anamvua mtu koti kuangalia kilichomo?

Tangu siku ile hakutangulia tena. Alisema ni mgongo, kazi ya cherehani inamaliza mgongo, na watu wakamhurumia. Yeye akawa mshika kamba. Hakuna aliyeshika kamba kama yeye: anailegeza unapotaka ilegee, anaikaza kabla hujasema, na macho yake hayakuachi hata umwambie nyumba yake inaungua. Wapandaji walimsifu kwa umakini. Hawakujua kwamba muda wote huo mate yalikuwa yamemkauka.

Yule mtoto aliyekuwa ananyonya sasa ni mwanamke mzima, msusi mwenye saluni ya viti viwili mtaa wa pili. Ana vidole vya chuma na mdomo wa mama yake. Jabali alilipenda mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Baba yake, ambaye ni dereva wa lori, aligomba wiki nzima akaona anajichosha, akajiuzulu. Baba huyo, nikudokeze tu, hapandi hata stuli. Taa ya sebuleni ikiungua wanakaa gizani mpaka Msusi aje.

Ikafika siku Msusi akataka Koo, na akataka kutangulia yeye.

"Mjomba wako anatengeneza kabari kubwa mpya," Mama Turubai alimwambia. "Mti haujakauka. Ngoja."

"Basi twende mpaka katikati tu, Mama. Nijaribu, nikifika kwenye kabari ya katikati nishuke."

Katikati palikuwa panavumilika. Akakubali. Jumapili asubuhi Msusi alipita kibandani kuchukua kamba na nyundo, mama yake akamngojea barabarani na chupa ya chai. Hakuingia ndani. Angeingia angeona msumari mtupu juu ya cherehani, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Msusi alianza vizuri. Chini, ufa ni wa ngumi: unaingiza ngumi, unaikunja, unajivuta. Akaweka kabari mbili ndogo, akafika katikati, akaigonga ile ya tatu, ya ukubwa wa kiatu. Mama Turubai alisikia mlio wake ukipanda kila pigo, juu, juu zaidi, kama kabari nzima inavyotakiwa kulia, akashusha pumzi. Imeisha. Sasa mtoto anashuka, wanakunywa chai.

Mtoto hakushuka. Aliingiza bega la kushoto ndani ya ufa, akaingiza na mguu wa kushoto, akaendelea kupanda.

"We! Tumekubaliana nini?"

"Kidogo tu, Mama! Nakwenda vizuri!"

Kwenye ufa wa namna ile mtu hapandi, anajisokota. Nusu ya mwili iko ndani, nusu iko nje hewani. Unakaza goti, unakaza kiwiko, unapandisha nyonga kwa upana wa kiganja, unatweta, unakaza tena. Vile vidole vya Msusi vya kusukia havikuwa na kazi humo. Alipanda, na kabari ya katikati ikabaki chini yake, ikazidi kubaki chini, na mama mtu akawa anaipima kwa macho. Akianguka sasa atakomea usawa wa mti ule. Akianguka sasa atagonga kile kibaraza cha mawe. Kijasho chembamba kilimtoka, akafuta kiganja kimoja kwenye sketi kisha cha pili, maana kamba haitaki mkono wenye maji.

"Mama!" Msusi aliita kutoka juu, anahema lakini anacheka. "Angalia nimekuja na nani!"

Akapeleka mkono wa kulia nyuma, kwenye kimfuko alichobeba mgongoni, akatoa kitu cha kijani.

Mama Turubai aliuona uzi mwekundu. Mbali vile, na macho yake yale ya miwani, aliuona.

Alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Juu kule nyundo ilikuwa imeshaanza. Pigo la kwanza lililia kama mtu anapiga gunia la maharage. La pili hivyohivyo. Mlio haukupanda. Msusi, ambaye masikio yake yalikuwa yamejaa mapigo ya moyo wake, hakusikia tofauti. Akapitisha kamba kwenye pete, akaibusu kabari, akabusu lile koti.

"Imekubeba wewe, sasa inibebe na mimi. Mama, kaza kamba. Nishike nikae kidogo, mikono imekwisha."

Kukaa ni kuachia jabali na kuning'inia kwenye kamba upumzike. Kila mpandaji anafanya. Uzito wote unakwenda kwenye kabari ya juu.

"Usikae!"

"Nini?"

"Usikae hapo! Kamba... kamba imenikwama."

"Mama, wewe? Kamba haijawahi kukukwama."

"Leo imekwama! Panda, huko juu panashikika vizuri, hapo hapafai. Panda!"

Alimpayukia vile anavyompayukia kwa vyombo visivyooshwa, na pengine sauti ile ndiyo iliyomsukuma, kwa sababu mtoto hata akiwa na saluni yake mwenyewe bado anaitii sauti ile. Msusi alilaani chini kwa chini, akazamisha goti la kushoto ndani kabisa ya ufa, akajinyanyua. Kabari yenye koti ikawa usawa wa kiuno chake, kisha usawa wa paja. Halafu akasimama.

"Mama, goti limekwama."

"Legeza mguu."

"Limekwama, nakwambia! Halitoki! Halirudi chini, haliendi juu!" Sauti ilikuwa imeanza kupanda na kuwa nyembamba. Mguu wa nje ulikuwa unatetemeka, vumbi na vijiwe vinamdondokea mama yake usoni. "Linavimba! Mama, nashindwa kupumua humu. Nakaa. Sitaki kusikia, nakaa, nishike!"

Hapo ndipo Mama Turubai alipokwisha. Akimwambia, mtoto anaweza kuzimia kwa hofu palepale. Asipomwambia, mtoto anakaa, koti linaachia, na kinachofuata alikuwa amekipima kwa macho muda mrefu. Alitamani ardhi impasukie. Alitamani Seremala angekuwepo aseme yeye.

"Mwanangu, usikae!" Alilia sasa, machozi wazi. "Hiyo kabari imepasuka! Imepasuka tangu siku iliyonibeba, ndani ya koti kuna vipande viwili! Ni kuni! Mjomba wako aliniambia ni kuni!"

Vijiwe viliacha kudondoka.

"Mama." Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyeamshwa. "Mama, nitakufa?"

Kamba mkononi ilikuwa inatetemeka, na hakujua mtetemeko ni wa nani. Akajikaza. Akatazama lile goti lililopotea ndani ya jiwe, akalitazama tena, na akili ya binti wa mpasua mawe ikamrudia.

"Hilo goti. Limekwama kweli kweli?"

"Limekwama, Mungu wangu, si nimesema..."

"Livute uone."

"Halitoki!"

"Basi halitoki! Kinachong'ang'ania hapo juu ni hilo goti peke yake, na ni zima. Acha kulivuta. Likalie. Shusha uzito wako kwenye goti, taratibu, kama unavyokaa kwenye stuli ya saluni."

Msusi alikaa kwa hofu, sentimita kwa sentimita, akiwa amefumba macho. Goti likamshika. Mguu wa nje ukaacha kutetemeka. Akalaza shavu kwenye jiwe, na mama yake akaona mabega yake yakishuka.

"Sasa nimekaa," akasema. "Nakaa mpaka lini?"

"Mpaka nimalize kukusengenyea baba yako."

"Mama, si wakati wake!"

"Nani kasema? Juzi stoo palikuwa na panya. Mwendesha lori la magurudumu kumi na nane alipanda juu ya meza. Nikamwambia, mume wangu, wewe si unaogopa kwenda juu? Akanijibu, inategemea chini kuna nini."

Kukatoka sauti juu kule. Kikohozi kwanza, kisha kicheko chenye kilio ndani yake, na paja lililokuwa limekaza kama ubao likalegea kwa kicheko hicho. Mama Turubai aliliona. "Sasa! Inua kisigino, lainisha mguu, ulitoe kama unavyoutoa mkono kwenye bangili. Usilivute." Goti likatoka, limechunika, damu inachuruzika mpaka kwenye kiatu. Likaingia tena ufani hatua moja juu zaidi. Na tena juu yake.

Kuanzia pale ilikuwa ni kutazama tu, na kutazama ndiko kulikomzeesha. Hakumwambia neno. Alilegeza kamba kidogokidogo kama anayemlisha mgonjwa uji. Binti alipita bonge la jiwe karibu na kilele, akapotea machoni, ikabaki kamba peke yake ikitembea. Ikasimama. Ikatembea tena, ikasimama tena, na kwa muda mrefu haikufanya chochote.

"Nimefika! Nimejifunga kwenye mti!"

Mama Turubai aliketi chini palepale mavumbini.

Angeweza kuishia hapo. Nyuma ya jabali kuna njia ya mbuzi, Msusi angeteremka nayo wakaenda nyumbani. Lakini Msusi hakuweza kusimama. "Miguu imekataa, Mama," aliita, "njoo wewe." Na katikati ya Koo lile koti la kijani lilikuwa bado limekaa, zuri, mshono mara mbili, likimsubiri mpandaji mwingine yeyote alione na kusema afadhali, hapa kuna kabari ya watu wanaojua kazi. Nani angelitoa? Mshono ulikuwa wake.

Akajifunga kamba, na Msusi, ameketi palepale mtini, akawa anaivuta kutoka juu. Fundo akalifunga akalifungua, akalifunga tena. Alipoingiza bega ndani ya Koo, harufu ya jiwe baridi ilimrudia ileile, na kifua kikamuuma mahali pale maziwa yalipotoka. Alipanda huku anasema peke yake, mara anasali, mara anajitukana, mara anautukana mgongo ambao hata haukuwa unamuuma. Haukuwahi kumuuma. Alikuwa anaogopa tu, basi, na aliposema hivyo kwa sauti, hapo ndani ya ufa ambapo hakuna wa kumsikia, aliona hata aibu haipo.

Alipoifikia ile kabari hakuhitaji nyundo. Aliishika kwa vidole viwili, ikatoka kama jino la mtoto.

Ikamjia yote kwa pamoja. Mwanawe alikuwa ameomba kukaa juu ya kitu hiki. Alikuwa ameomba mara mbili. Macho yakaingia kiza, kiwiko kikaachia, na kutoka kinywani mwake likatoka neno ambalo hakuwa amelitamka tangu ujana wake.

"Nishike!"

"Nimekushika, Mama," sauti ilijibu juu, haikukawia hata kidogo. "Kaa. Kaa tu."

Akakaa. Kamba ikamdaka laini, haikushuka hata kiganja. Alining'inia pale na kipande cha kuni kifuani, akalia mpaka akamaliza, na aliyeko juu hakumharakisha.

Kileleni hawakukumbatiana. Kila mmoja alimwogopa mwenzake kidogo. Mama Turubai alivua kimkasi cha kukatia nyuzi anachokivaa shingoni, akaketi mbele ya binti yake na kuufumua ule mshono mwekundu, uzi baada ya uzi, kwa sababu alikuwa ameushona vizuri sana. Koti lilipofunguka, mbao ikaanguka vipande viwili kati ya miguu yao.

Msusi alivitazama bila kuvigusa.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nakwambia ilinibeba," mama akasema.

"Na ilikubeba kweli."

"Ilinibeba. Halafu nikaogopa kuitazama."

Msusi aliokota kipande kimoja, akakigonga kwenye jiwe, kikalia pwa. Alikigonga tena, anasikiliza, kama mtu anayejifunza sauti ya kitu asije akaisahau. "Kiberiti unacho?" akauliza.

Chai ya kwenye chupa ilikuwa imebaki chini na walikuwa wanaihitaji vibaya. Waliteremka kwa njia ya mbuzi, mkono kwa mkono, wakawasha moto chini ya Koo, wakaipasha upya kwenye kikopo kwa kuni za mbao kavu kuliko zote duniani. Ilikuwa na ladha ya moshi. Walikunywa yote.

Jumatatu mumewe, dereva, alipita kibandani, akatazama ukutani, akaona msumari mtupu.

"Kabari yako iko wapi, mke wangu?"

"Tumeichemshia chai."

Akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. Mama Turubai alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kubwa, na uzi ulikuwa unapita pembeni ya tundu kila mara, maana mikono bado ilikuwa haijatulia. Msusi, aliyekuja na goti lake limefungwa bandeji, aliinuka kwenye benchi, akamchukulia sindano. Akaitunga, akavuta uzi kwa nguvu mara mbili kuupima, akamrudishia.

"Mama," akasema, "ukiogopa tena, niambie mimi."

"Naogopa sasa hivi," mama akajibu.

Msusi akavuta stuli, akakaa karibu yake, na cherehani ikaanza.